Kisogo cha Mzee Issa Gatini Vanga

Mzee Issa wa Vanga ameziba nyufa za mashua kwa miaka arobaini, na miaka yote hiyo amekuwa akiwarekebisha watu mikono. Ukimpa msumari kwa mkono wa kushoto, hautwai. "Wa kulia umeuacha nyumbani?" atakuuliza, na msumari utabaki nawe. Hata mtalii aliyepotea njia akafika kule amefundishwa, tena kwa ishara.

Basi wavuvi wakamwomba Munyoki, mchonga vinyago aliyetoka Ukambani akahamia Majoreni, awafanyie picha ya gati lao, itundikwe bandani mwao Ijumaa baada ya swala. Munyoki akachora gati, mikoko na mashua, na katikati akamweka Mzee Issa akimpa mgeni kikombe cha kahawa. Akauhamishia mchoro kwenye mbao, kila rangi na ubao wake, na ubao mmoja zaidi wa mistari myeusi. Akazichonga, akapaka wino, akalaza karatasi, akasugua kwa mgongo wa kijiko.

Alhamisi asubuhi akaibandua. Buluu safi, kijani cha kupendeza. Ila kila kitu kilikuwa kimegeuka, cha kulia kimehamia kushoto, kama kwenye kioo. Ndiyo tabia ya ubao, na Munyoki, aliyezoea kuchonga twiga, ndiyo kwanza aijue.

Wavuvi wakacheka, "Gati limehama!" wakasema si kitu. Mzee Issa ndiye aliyeshika kifua.

"Munyoki mwanangu, nimekukosea nini? Mimi nimpe mgeni kahawa kwa kushoto, ukutani, watu wote waone?"

"Nisamehe, mzee. Nimebakiza karatasi moja tu, na kesho ndiyo Ijumaa; mbao mpya sitaziwahi."

"Basi ukate huo mkono."

"Utakuwa kilema, mzee."

Munyoki akaizunguka picha, akainamisha kichwa huku na huku. "Nikikugeuza utupe mgongo, mkono huu huu utakuwa wa kulia. Nitakwangua ubaoni macho, pua, ndevu na fundo la kikoi, kisha nichape upya. Miguu, kwa bahati, imezibwa na deli la kahawa."

"Na uso wangu?"

"Uso ndio utakaokwenda."

Mzee Issa akaketi juu ya gogo la kuegemezea mashua. Ndevu zenyewe alikuwa amezitia hina makusudi, kwa ajili ya picha. Akafikiri mpaka adhana ya adhuhuri ikamkuta pale pale.

"Kwangua," akasema, akaangalia pembeni. "Lakini masikio niachie."

Ijumaa banda likajaa. Watu wakaisifu picha, kisha wakaulizana: "Huyu mwenye kahawa ni nani?" Mmoja akasema Chirau, mwingine akasema Ramadhani wa Majoreni. Mzee Issa akasogea karibu na ukuta, akawapa mgongo, akanyoosha mkono wa kulia. Wakamwomba asizibe picha.

Ndipo mkewe, Bi Maimuna, akapenya mbele, akatazama kidogo tu.

"Huyu ni mume wangu," akasema. "Kisogo hiki nakijua. Ndicho anionyeshacho kila nikimtuma dukani."

Banda zima likaangua kicheko. Mzee Issa akageuka haraka, ndevu nyekundu, meno yote nje.

"Mmesikia?" akasema. "Ni mimi!"