Mguu Uliotangulia Kaburini

Tulizika mguu wa bibi yangu mwezi wa nane, na bibi mwenyewe alikuwepo mazikoni.

Msishangae. Alikaa kwenye kiti chake cha magurudumu, kajitanda mtandio mweusi, anatoa amri. Chimbeni zaidi. Msiulaze kifudifudi. Shangazi yangu Chole akaanza kulia, bibi akamwambia anyamaze, maana mwenye msiba ni yeye na yeye halii.

Naitwa Yunuén. Kwetu ni Sahuayo, kule Michoacán nchini Mexico, mji wa mafundi wa kandambili za ngozi. Baba yuko ng'ambo ya mpaka anachuma stroberi, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wanawake wanne: bibi Obdulia, mama, shangazi Chole na mimi.

Kisukari kilikuwa kimeanza kumdokoa bibi mapema. Kwanza kilichukua kidole kidogo cha mguu wa kushoto, tukakubali yaishe. Kisha kikarudi kuchukua mguu wenyewe, chini ya goti.

Kwetu mguu wa mtu hautupwi. Unauomba hospitali, unapewa umefungwa kwenye kitambaa, unautia kwenye kijisanduku kama cha mtoto mchanga na kuuzika kwenye kaburi la ukoo. Siku mwenyewe akifa, anaukuta unamsubiri.

Siku ile tulikuwa familia mbili tunasubiri pale mlangoni hospitali, kila moja na sanduku lake. Shangazi Chole hawezi kukaa jirani na mtu bila kumpigisha stori. Mpaka tunaitwa, alishagawana tamales, yale maandazi yetu ya unga wa mahindi, na mama wa ile familia nyingine na kujua kwamba mumewe anaitwa don Evelio, na kwamba mama mwenyewe anauza maziwa matamu ya kugandishwa sokoni Zamora, mji wa jirani.

Tukapewa mguu wetu, nao wakapewa wao. Bibi alikuwa ameshasema kitambaa kisifunguliwe, hataki kuangaliwa mguu akiwa hayupo.

Basi tukazika.

Wiki haikuisha, bibi akaanza kulalamika kwamba vidole vinambana.

"Vidole gani, bibi?"

"Vya mguu tuliozika. Vimebanwa mbele hapa. Nikande."

Nikawa naingiza mikono chini ya blanketi, pale ambapo hakuna kitu, nakanda hewa. Nilijua nilivyoonekana. Lakini bibi alikuwa anafumba macho na kushusha pumzi, kwa hiyo nikawa nakanda kila siku.

Ndiyo maana nikataka kusomea utabibu wa miguu. Wenzangu walinicheka mpaka basi. Wengine wanataka kuwa marubani, Yunuén anataka kukata kucha za wazee.

Nikaomba shule mbili, zote zikanikubali. Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Moja iko Guadalajara, saa chache kwa basi. Ningeweza kurudi kila Ijumaa kumwosha bibi mguu uliobaki, kuukagua kisigino, kuangalia kati ya vidole. Mguu ule wa kulia ulikuwa unapiga kelele zilezile za mwenzake: ganzi, ngozi kavu, kidonda kidogo kisichotaka kufunga.

Nyingine iko Jiji la Mexico, mbali. Ina wodi ambayo miguu kama ya bibi inaokolewa badala ya kukatwa. Mtu akijifunza pale anajifunza kweli. Ila nyumbani ningekuja Krismasi na Pasaka.

Mama alitaka Guadalajara. Mguu wa mkwe wake ungemwangukia nani nikienda mbali? Shangazi Chole alitaka Jiji la Mexico, kwa sababu zake za kujivunia sokoni.

Nikamuuliza bibi.

"Usiniulize mimi," akasema. "Huo mguu unaougombania ni wangu. Hakimu hawezi kusikiliza kesi yake mwenyewe."

"Sasa nimuulize nani?"

"Nikishakufa nitakujibu. Sasa hivi nina maslahi." Akacheka, akageukia ukutani.

Ikafika siku ya wafu, tarehe mbili mwezi wa kumi na moja.

Mnajua tunavyofanya. Unatandaza petali za maua ya wafu, yale ya rangi ya machungwa, kutoka mlango wa barabarani mpaka kwenye madhabahu ya nyumbani, ili marehemu wako waione njia. Mwaka huo shangazi Chole akajiongeza. Aliona mguu nao ni marehemu. Akautandazia njia yake, akauwekea na kandambili moja ya kushoto mbele ya mshumaa.

Mama alimwambia, wifi, usiite kitu ambacho mwenyewe bado anakula. Shangazi akamjibu kwamba ukarimu haujawahi kumdhuru mtu.

Siku ya pili yake, mchana, saa ile ya jua kali ambayo mji mzima umelala, nikasikia kitu ukumbini.

Pa.

Kimya.

Pa.

Ni unyayo mtupu kwenye sakafu ya baridi. Lakini ni mmoja. Hakuna mwenzake wa kujibu. Ukaja mpaka mlangoni kwangu, ukasimama.

Nilifungua mlango kwa sababu kukaa ndani kulikuwa kunatisha zaidi. Ukumbini hapakuwa na mtu. Sakafuni kulikuwa na alama ya unyayo wenye majimaji, wa kushoto, unakauka taratibu huku nauangalia.

Bibi alikuwa amelala chumbani kwake, anakoroma.

Kuanzia hapo ukawa unakuja kila mchana. Mama akaleta maji ya baraka, haikusaidia. Shangazi Chole, badala ya kuogopa, akaja na mpango: akachukua chokaa ile tunayochemshia mahindi, akainyunyiza ukumbi mzima. Kesho yake alama zilikuwa wazi kabisa kwenye ule unga mweupe.

"Haya, angalieni vidole vimeelekea wapi," akasema.

Vilikuwa vimeelekea mlango wa barabarani. Mashariki.

Mlango wetu wa nyuma unatazama upande wa Guadalajara. Ule wa mbele unatazama barabara ya Jiji la Mexico. Kila mchana tulinyunyiza, na kila mchana vidole vilielekea mbele. Shangazi akatangaza kwamba mguu wa mama yake umeshanichagulia shule. Hata mama akaacha kuitaja Guadalajara.

Mimi nikasadiki. Kiukweli nilitaka kusadiki. Nilikuwa naogopa kuchagua, na hapa kulikuwa na mguu wa mtu ninayempenda unaninyooshea njia. Kitu kimoja tu kilinikosesha amani. Bibi alikuwa anazidi kuumia. Mguu wake ulikuwa unakuja kututembelea, naye analia kwamba vidole vimebanwa.

Mwezi wa sita, ili mama asiseme sikusikiliza, nikaenda Guadalajara kuiona ile shule. Nilishaamua kuikataa.

Mwalimu mmoja, mama wa makamo mwenye miwani shingoni, akatuvua viatu sote tuliofika. Akatupaka wino nyayoni, akatukanyagisha karatasi. Halafu akapita kwenye zile karatasi bila kutazama nyuso zetu, anasema huyu anaegemea ndani, huyu anavaa viatu vidogo, huyu alivunjika kifundo utotoni. Mwenye kifundo akakubali kwamba ni kweli.

"Mnapewa unyayo, jambo la kwanza mnaloangalia ni nini?" akauliza.

Mimi, kwa mazoea ya nyumbani, nikajibu, "Umeelekea wapi."

Akanitazama.

"Hapana, binti. Kwanza uhesabu vidole. Lazima ujue ni wa nani."

Wenzangu wakacheka. Mimi nikainama, nikahesabu vidole kwenye karatasi yangu.

Nilikuwa nimemwosha bibi mguu ule miaka yote. Nilikuwa nampaka mafuta pale kwenye kovu la kidole kilichokatwa. Mguu wa kushoto wa bibi ulikuwa na vidole vinne.

Na ule uliokuwa unatembea ukumbini kwetu, ambao nilikuwa nimeukodolea macho tangu mwezi wa kumi na moja, ulikuwa na vidole vitano.

Sikumbuki vizuri nilivyopanda basi. Nilipofika nikamwambia shangazi Chole aje ukumbini, nikamwonyesha alama za mchana ule kwenye chokaa, nikamhesabia kwa kidole. Akahesabu mwenyewe. Akahesabu tena. Akakaa chini pale pale kwenye unga.

"Tumemzika nani?" akanong'ona.

Hakukuwa na haja ya kwenda hospitali kuuliza. Shangazi alishajua ni nani aliyesubiri nasi pale mlangoni.

Tulimpata yule mama sokoni Zamora, nyuma ya sinia zake za maziwa matamu. Shangazi akamweleza kwamba huenda hospitali ilitubadilishia miguu. Mama yule akafunika sinia, akatupeleka nyumbani kwake bila kuuliza zaidi.

Don Evelio alikuwa amekaa uani, mzee mwenye masharubu, kofia kichwani, mguu mmoja ndani ya buti la ngozi lenye ncha kali. Alipoambiwa tunatoka Sahuayo, alitukodolea macho.

"Nyumba yenu ina ukumbi mrefu," akasema.

Shangazi akavuta kiti, akakaa.

"Sakafu ya baridi. Karibu na mlango wa mbele kuna kigae kimepasuka, kinanikwaruza hapa." Akaonyesha hewa chini ya goti lake, pale ambapo unyayo ungekuwa. "Kila mchana nasinzia, na nikisinzia natembea humo. Kwanza nilikanyaga maua. Siku hizi nakanyaga unga. Nautafuta mlango nirudi kwangu, naufikia, lakini haufunguki."

Machozi yalinitoka yenyewe. Miezi yote ile tulikuwa tunausoma mguu wa mzee wa watu kama ramani, tunabishana kuhusu shule, na wenyewe ulikuwa unatafuta kwao. Barabara ya Jiji la Mexico inapita Zamora. Hatukuwahi kufikiria kwamba mguu unaweza kutaka kuishia njiani.

Shangazi ndiye aliyemuuliza mkewe walivyozika ule wao. Mama yule alitazama mikono yake.

"Na buti. Mume wangu hajawahi kutoka nje bila buti. Niliusukumiza humo na kitambaa chake. Ulikuwa mkaidi kidogo, lakini uliingia."

Buti la ncha kali, la mwanamume. Vidole vya bibi yangu vilikuwa humo mbele, vimekunjwa, tangu mwezi wa nane.

Makaburi yote mawili yalifunguliwa wiki hiyo, kwa ruhusa za wenye makaburi na kelele nyingi za mapadri. Sikuangalia ndani ya buti. Niliomba wanivulie, nikaufunga upya kwa mtandio mweusi wa bibi, nikaurudisha Sahuayo nikiwa nimeupakata kwenye basi.

Bibi hakuwa ameambiwa siku wala saa. Nilipoingia chumbani nilimkuta amenyoosha mikono juu ya blanketi, uso umelainika.

"Mmenivua," akasema.

Mchana ule ukumbi ulikuwa kimya. Na wa kesho yake pia. Shangazi Chole akafagia chokaa yote.

Sasa nikabaki na shule zangu mbili bila mguu wa kuniongoza. Nilikaa kitandani kwa bibi, nikaushika ule wa kulia mapajani mwangu, vidole vitano vyote, na kile kidonda cha kisiginoni. Nilijua wodi ya Jiji la Mexico ingenifanya tabibu bora. Nilijua pia kwamba kisigino kile hakitanisubiri nihitimu.

Nikachagua Guadalajara.

Nilirudi kila Ijumaa. Kile kidonda kilifunga. Bibi Obdulia alifariki mwaka wangu wa tatu, usingizini, kwa moyo, mguu wa kulia ukiwa mzima. Tulimlaza karibu na ule wa kushoto, na safari hii kitambaa kilifunguliwa mbele yangu, nikahesabu.

Tarehe mbili mwezi wa kumi na moja ya mwaka ule sikwenda nyumbani, nilikuwa na mitihani. Kwenye chumba nilichopanga Guadalajara sikuweka madhabahu, sikutandaza hata petali moja. Nilijilaza mchana.

Pa-pa.

Pa-pa.

Miguu miwili, ya mtu mwenye kutembea bila haraka. Ilipita karibu na kitanda changu, ikasimama.

Sikuogopa. Nilimwita. Nilipofumbua macho, sakafuni kulikuwa na nyayo mbili zenye majimaji, bega kwa bega. Nikapiga magoti nikahesabu kwanza, kama nilivyofundishwa. Kulia vitano. Kushoto vinne.

Ndipo nikaangalia zimeelekea wapi.

Zilielekea kwenye dirisha ambalo jua huingilia asubuhi. Jiji la Mexico liko upande huo. Alikuwa ameniahidi atanijibu akishakufa, asipokuwa na maslahi tena, na bibi yangu hakuwa mtu wa kusahau ahadi.

Nikazikalia pembeni mpaka zikakauka, nikilia kwa sauti.

Haya nawaandikia kutoka Jiji la Mexico. Ni mwaka wangu wa pili kwenye ile wodi. Leo asubuhi tumeokoa mguu wa muuza magazeti ambao mahali pengine ungeshakatwa.

Nawe unayesoma hapa, unayesubiri ishara ikuchagulie shule, mume, au mji wa kuhamia: siku ikija, usikimbilie kuangalia imeelekea wapi. Inama kwanza uhesabu vidole, ujue ni ya nani.