Waya wa Kukatia Sabuni

Gari lilipoingia mji wa tatu, meneja alikuwa amelala, na mkalimani wake alikuwa akisoma vibao vya maduka, kama afanyavyo kila afikapo mahali asipopajua. Miji miwili nyuma yao ilikuwa imewakataa. Sabuni ya kampuni, iliyovuka mipaka mitatu ikiwa imefungwa kwa karatasi ya kung'aa, ilikaa kwenye rafu za watu mpaka ikashika vumbi.

Mlangoni pa soko wakamkuta mama mmoja ameketi nyuma ya miche ya sabuni, akiikata kwa waya uliofungwa vijiti viwili. Mji mzima ulimwita Mama Waya. Akaipokea sabuni ya kampuni, akaigeuza, akacheka.

"Mmeifunga kama zawadi! Watu hapa hubonyeza sabuni kwa kidole gumba, wakainusa, ndipo wanasema nikatie ya leo. Hiyo yenu mtu ainunue amefumba macho?"

Mkalimani akatafsiri, na meneja akaamka kwa mara ya pili siku hiyo.

Sabuni ikaja upya, miche mirefu bila karatasi. Kwa miezi minne Mama Waya aliwatembeza duka kwa duka: nani hununua Jumatatu, nani hapokei mzigo mkewe asipokuwepo, nani ni lazima umsalimie mama yake kwanza. Mkalimani akayaandika yote daftarini. Ili apate nafasi ya kuzunguka, Mama Waya alimwachia jirani ule mlango wa soko, mahali alipokaa miaka kumi na tisa. Hakufanya hivyo kwa ukarimu. Meneja alikuwa amemwahidi: "Ukitufungulia mji huu, wakala wetu ni wewe." Na ahadi ilitoka kinywani mwa mkalimani, maana lugha ya meneja, Mama Waya hakuijua hata ya kuombea maji.

Mchana mkalimani alikula kwa Mama Waya. Alimwita shangazi, naye shangazi alimpakulia kuliko wanawe.

Mwezi wa nne ukielekea ukingoni, meneja akakutana na mwenye malori. Mkalimani alitafsiri kikao chote hadi wawili hao walipopeana mikono. Uwakala ulikwenda kwa mwenye malori. Kisha mkalimani akaenda kwa shangazi, akala, asimwambie. Alijiambia kuwa mkalimani ni mfereji tu, maji si yake.

Mama Waya aliyajua hayo dukani. Alifika na mzigo wake, akakuta lori limeshapita.

"Kwani si wewe uliyewatuma?" mwenye duka alishangaa. "Mbona wamemsalimia mama yangu kwanza, na kwa jina lake?"

Akapanda ngazi za ofisi mpya ya kampuni. Waya wake wa zamani ulikuwa umetundikwa nyuma ya kiti cha meneja. Walikuwa wameuomba uwe kumbukumbu ya walivyoanza.

"Shikamoo, shangazi," mkalimani alisema.

"Shikamoo yako mpelekee mwenye malori. Ulijua lini?"

"Wiki mbili zilizopita."

"Wiki mbili! Na jana ukaniomba nikuongezee mchuzi!"

"Anasema nini?" meneja aliuliza.

"Mwambie asubiri. Huyu bwana mimi sikumwamini; ningemwaminije, na simsikii? Nilikuamini wewe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu nilikipakulia mwenyewe."

Akazunguka kiti cha meneja, akautungua waya, akauviringisha mkononi.

"Haya, sasa mtafsirie. Usiruke hata neno."

Hakuruka. Alitafsiri mpaka mchuzi. Meneja alisikiliza, akatikisa kichwa taratibu. "Mwambie biashara ndivyo ilivyo."

Mkalimani aligeuka kumwambia, lakini shangazi alikuwa ameshafika chini. Dirishani alimwona akivuka barabara na waya wake, akaupita mlango wa soko bila kugeuza shingo, akashika njia ya kituo cha mabasi.

"Amesemaje?" meneja aliuliza.

"Ameondoka," alisema mkalimani, akaketi. Saa nne kulikuwa na kikao na mwenye malori.