Nilifukuzwa Mtihani wa Maombolezo

Jamani, mimi nimefukuzwa mtihani wa uzamili na profesa wangu, mama mmoja aliye Beijing, nikiwa juu ya jiwe huku Hanang. Na sikuibia.

Naitwa Gidamis, Mbarabaig wa huku chini ya Gitting. Nasoma falsafa ya China. Cheka tu, hata ukoo wangu ulicheka.

Tasnifu yangu iliingilia ubishi wa wasomi wa leo. Wachina wa kale walimtaka mtoto amwomboleze mzazi miaka mitatu. Je, huzuni ndiyo inayoleta taratibu za msiba, au taratibu ndizo zinazoleta huzuni?

Mimi niliandika kwa kujiamini: bila huzuni, taratibu ni maigizo.

Nilikuwa na sababu. Baba alipofariki sikutoa chozi. Miezi ikapita, ndugu wanajenga bung'eda, kile kilima cha kaburi tunachomjengea mzee mwenye heshima, mimi moyo mkavu. Nikaanza kuogopa kwamba sikumpenda.

Siku ya kutetea tasnifu ikaangukia siku yetu ya kukandika kilima. Nikatoroka, nikapanda juu ya jiwe, penye mtandao, sauti za waombolezaji zikinifuata. Nakaa, nasimama, naangalia chaji, nakaa tena.

Profesa akatokea kwenye simu. "Kelele hizo za nini?"

"Msiba wa baba yangu."

Akanikazia macho.

"Unataka kunifundisha kuomboleza, na baba yako umemwacha huko chini? Nenda. Leo sikusikilizi."

Akakata. Kwisha habari yangu!

Nikashuka hadi kaburini.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Vua viatu, shika udongo."

"Baba mdogo, mimi sisikii kitu moyoni."

"Nani amekuuliza? Kandika!"

Nikakandika, nimenuna. Kiganja kikawa kinapita juu ya kilima, kinasawazisha, kinarudi. Ghafla nikalia kwa sauti, mbele ya wakwe, kamasi na udongo usoni.

Kumbe nilimpenda, tena sana.

Wiki iliyofuata Profesa akapiga. "Haya, tetea."

"Siwezi. Nimekosea tasnifu nzima."

Nikamsimulia yote. Akacheka. "Hapo ndipo ningekukamata. Andika upya."

Wenzangu wameshavaa joho. Mimi bado niko sura ya kwanza, na sijutii.

Wewe unayesubiri uguswe kwanza ndipo uende kuzika, kusalimia au kuomba radhi, nenda hivyo hivyo. Moyo utakukuta hukohuko.