Mistari Miwili ya Kijani

Hebu mwone anavyoingia. Ni saa kumi na moja na dakika saba jioni, na mlango wa chumba namba tatu unasukumwa kwa kiuno kwa sababu mikono yote miwili imejaa. Mmoja umebeba daftari na kitabu kilichovalishwa jalada la kitambaa cha pazia, mwingine mfuko wa nguo ambazo hajapata nafasi ya kumpelekea mteja. Shingoni bado amening'iniza futi, ile kamba ya kupimia, na uzi mweupe umemganda begani.

"Samahanini wanangu," anasema, "kulikuwa na zipu imegoma."

Darasa zima linacheka. Ni vijana ishirini na wawili, na mkubwa wao angeweza kuwa kitinda mimba wake. Wanamsogezea kiti cha mbele.

"Mama Futi kafika," anasema mhadhiri. "Sasa tunaweza kuanza."

Hivyo ndivyo fundi cherehani huyu alivyosoma sheria ya biashara kwa miaka miwili, mchana kwenye mashine, jioni kwenye dawati. Na usidhani alitumwa na mtu. Chanzo cha yote kilikuwa suti.

Wakili mmoja alikuja na kitambaa chake mwenyewe, akapimwa, suti ikashonwa. Alirudi miezi miwili baadaye amepungua kilo kumi na moja, akaivaa, akajiona kwenye kioo kama mtoto ndani ya koti la baba yake, akagoma kulipa. "Kwa mujibu wa sheria," alisema huku kidole kikiwa hewani, "bidhaa lazima imfae mnunuzi!" Mama Futi alijua kabisa kwamba anaonewa. Kilichomkosesha raha ni kwamba hakujua anaonewa kwa kifungu gani. Alikwenda chuoni kuuliza, akaambiwa jibu lake linafundishwa muhula wa kwanza. Akajiandikisha.

Na kweli jibu alilipata. Mteja akileta kitambaa chake, ananunua kazi ya mikono ya fundi, na fundi anafuata mwili aliopimiwa siku ile, siyo mwili utakaokuja baada ya mtu kuanza kukimbia asubuhi. Halafu fundi ana haki ya kuishikilia nguo mpaka alipwe. Siku walipofika kwenye hiyo haki ya kushikilia, Mama Futi alisimama kama aliyechomwa sindano.

"Mwalimu! Kumbe misumari yangu ni sheria?"

Alimaanisha ile misumari kumi na miwili iliyopangwa ukutani nyuma ya cherehani yake, ambayo huning'inizia nguo za watu wasiomalizia malipo. Suti ya wakili ilikuwa msumari wa nne. Iko hapo mpaka leo.

Nyumbani, mwanafunzi wake alikuwa mumewe. Mzee huyu ni mchora mabango. Nusu ya maandishi unayoyasoma mtaani kwao, saluni, duka la dawa, "Usikojoe hapa", yote yametoka mkononi mwake, na anajulikana kwa mstari ulionyooka. Mlango mmoja tu ndio umemshinda kuupaka, nao ni wa jikoni kwake mwenyewe. Alipaka nusu ya juu, akaitwa kwenye kazi, na tangu hapo imekuwa kesho.

"Leo wewe ni mnunuzi mwenye nia njema," mkewe humwambia akifungua daftari.

"Kwani siku nyingine mimi ni nani?"

"Siku nyingine wewe ni baba wa ahadi. Kaa hapo."

Basi ikaja wiki ya mwisho. Ada ya mtihani ilitakiwa ilipwe kabla ya saa kumi alasiri siku ya Ijumaa. Ambaye hajalipa jina lake lingefutwa, na angengoja mwaka mzima mtihani uje tena. Mama Futi hakuwa na wasiwasi. Alikuwa ameshona sare za wahudumu wa hoteli moja, na mwenye hoteli, mama mmoja mkali lakini mwungwana, alikuwa amemwandikia hundi kwa jina lake. Kiasi kilitosha ada na kubaki kidogo cha kununulia vifungo. Alikuwa na mpango wa kuibadilisha benki dirishani, achukue taslimu, avuke barabara mpaka chuoni.

Lakini unajua jinsi mtu anavyokuwa akikipenda anachosoma. Alhamisi mchana alipitia duka la kutoa nakala, akatoa nakala tatu za ile hundi ili azifanyie mazoezi. Somo lilikuwa kufunga hundi. Ukichora mistari miwili sambamba usoni mwa hundi, umeiambia benki isimlipe mtu dirishani. Fedha zipite kwenye akaunti tu. Ni kama kuitia kufuli.

"Baba, nipe rula yako," alisema. "Na kalamu."

Mzee alimpa rula ya chuma na kalamu yake ya kijani, ile ya kuchorea michoro ya mabango. Tena akasimama nyuma yake kumwelekeza. "Usikandamize. Pumua nje. Vuta." Mama Futi alivuta mstari wa kwanza, akavuta wa pili. Mzee akakunja mikono kifuani kwa fahari. "Angalia mistari hiyo! Ungeolewa na mtu mwingine ungeipata wapi?"

Alikuwa karibu kuandika kati ya mistari yale maneno ya kukaza zaidi, kwamba hundi isilipwe kwa mtu mwingine yeyote ila aliyetajwa, harufu ikatoka jikoni. Sufuria ilikuwa inaungua. Akakurupuka, na karatasi zote zikaingia kwenye mkoba.

Ijumaa saa tano asubuhi, karani wa benki aliigeuza hundi, akaiangalia tena usoni, akairudisha chini ya kioo.

"Mama, hii imefungwa. Siwezi kukulipa hapa. Ina mistari."

"Mistari gani tena, mwanangu? Nani kaifunga?"

Halafu akaiona. Ilikuwa mizuri, imenyooka, ya kijani. Mkobani, nakala tatu zilikuwa safi kabisa. Alikuwa amefanyia mazoezi hundi yenyewe.

Nani asingelia? Mama Futi alianza kucheka. Alicheka mpaka mlinzi akasogea. "Nimejifungia mwenyewe nje," alimwambia karani, akipangusa macho, "na funguo nimeshona mimi." Lakini alipotoka nje, kicheko kilikatika. Akaunti yake ya benki ilikufa zamani kwa kutotumika, na hata angefungua nyingine, hundi ingechukua siku nne kuiva. Mwenye hoteli angeweza kuifungua tena kwa saini yake, ila alipompigia simu aliambiwa amesafiri mpaka Jumanne. Ilikuwa tarehe ishirini na saba, mifuko ya mtaa mzima ikitoa mwangwi. Mzee alikuwa amemaliza fedha zake kwenye makopo ya rangi.

Alikaa kwenye ngazi za benki na kufungua daftari lake. Si kwamba alitarajia muujiza. Mtu akichanganyikiwa hushika kitu anachokifahamu, ndiyo maana alilishika. Akasoma mwandiko wake mwenyewe: mistari miwili hufunga dirisha, haifungi njia. Hundi bado inaweza kuhamishwa. Mwenye jina aigeuze, aandike nyuma ilipwe kwa nani, atie saini, na huyo mwingine aipitishe kwenye akaunti yake.

Mwingine nani mwenye akaunti?

Aliinua macho ng'ambo ya barabara. Chuo.

Saa nane na nusu alikuwa kwenye dirisha la malipo chuoni, na nyuma yake foleni ya wanafunzi kumi na watano. Keshia alikuwa mwanamke makini mwenye miwani ya kamba, ambaye kwa miaka tisa hajawahi kufunga siku hesabu ikiwa pungufu.

"Mama Futi, hii haina jina la chuo. Ina jina lako."

"Usoni, dada yangu. Nyuma nitaandika 'Ilipwe chuo'. Nikishatia saini itakuwa yenu."

"Sijawahi kupokea kitu kama hicho."

"Tangazo lako hapo kwenye kioo limesema mnapokea taslimu na hundi. Halikusema hundi iwe imezaliwa hapa."

Foleni ikacheka. Kijana mmoja akasema, "Mpe kifungu, mama!" Mwingine akalalamika kwamba njaa inamuua na sheria haishibishi.

"Na hii mistari?" aliuliza keshia. "Imechorwa na nani, kwa kijani?"

"Nimechora mimi."

"Wewe? Umechora kwenye hundi ya watu?"

"Iliyo mkononi mwangu kihalali. Anayeishika hundi anaruhusiwa kuifunga. Aisimamishe tu mistari vizuri, na hiyo, niamini, imesimamiwa na mtaalamu."

Hapo mlango wa pembeni ulifunguka na mhadhiri akatokea na kikombe chake cha chai. Wanafunzi wakamgeukia wote kwa pamoja. "Mwalimu, mwambie!" Naye akanywa funda moja, akaegemea ukuta.

"Mimi siyo keshia," alisema. "Tena nataka kusikia."

Keshia alivua miwani. Sasa aliuliza taratibu, na ukweli ni kwamba hakuna swali lililowahi kuulizwa chumba namba tatu likawa zito kama hilo. "Mama, nikikupa risiti leo, benki ikairudisha hundi hii wiki ijayo kwamba mwenye hoteli hana fedha, nitamshika nani?"

Foleni ikasogea karibu na dirisha.

Mama Futi alijua jibu. Alikuwa ameliandika daftarini kwa herufi kubwa na kulipigia mstari. Lakini kulijua kwenye daftari ni kitu kimoja, na kulisema ukiwa na kalamu mkononi ni kingine. "Utanishika mimi," alisema. "Anayetia saini nyuma anasema: asipolipa yeye, nitalipa mimi."

"Na unamwamini huyo mwenye hoteli?"

Mama Futi alifikiri. Alimkumbuka yule mama akirudisha kola kumi na mbili kwa sababu zilikuwa zimepishana kwa upana wa punje ya mchele. Siku ile alimchukia. Lakini fedha za uzi alizitoa siku ya kwanza bila kuombwa, na kola zilipokwisha kurekebishwa alilipia kazi ya kuzirudia.

"Mtu anayejali kola ya mhudumu ambayo hakuna mgeni atakayeiangalia," alisema, "ataniandikia karatasi ya uongo?"

Akaigeuza hundi, akaandika, akatia saini. Keshia alimtazama mhadhiri. Mhadhiri akatazama chai yake. Kisha muhuri ukagonga risiti, pwa! Foleni ikapiga makofi, na yule wa njaa akapiga kwa nguvu kuliko wote kwa sababu zamu yake ilikuwa imekaribia.

Jumatatu aliingia chumba cha mtihani, kwa mara ya kwanza bila futi shingoni, akahisi shingo imekuwa nyepesi mno. Alhamisi keshia alimpungia mkono kutoka dirishani kwake: hundi imepita, na chenji yake ya vifungo inamsubiri. Mwezi uliofuata majina yalibandikwa, na la kwake halikuwa la kwanza wala la mwisho. Lilikuwa kwenye waliofaulu, na hilo lilimtosha kuwanunulia vijana wote ishirini na wawili soda.

Jioni ile alimkuta mumewe anamsubiri mezani na karatasi. Ilikuwa na maandishi ya kijani, herufi zimenyooka kama askari: *Ninaahidi kuupaka mlango wa jikoni, wakati wowote nitakapodaiwa, kwa yeyote atakayeleta karatasi hii.* Saini chini.

"Nimekuandikia hati," alisema.

"Baba, hati ya ahadi inakuwa ya fedha. Haiwi ya mlango."

"Ndiyo maana nataka uigeuze utie saini nyuma. Ipate nguvu."

Mama Futi alicheka mpaka akakaa. Akautazama mlango, nusu bluu, nusu mbao. Akamtazama mzee wake, ambaye miaka ishirini na minane hajawahi kumkosea isipokuwa kwa mlango huo mmoja. Akaigeuza karatasi. Akachukua kalamu.

Wewe unajua sasa saini ile ina maana gani, na kwamba asipopaka yeye atapaka mkewe. Ungekuwa ni wewe uliyeshika kalamu, ungeandika jina lako?