Nyambura hakuuawa na sindano

Mpaka sasa akili yangu inakataa. Tumekuzika Jumamosi, Nyambura, na asubuhi hii bado nimekuandikia kwa WhatsApp, "Niaje, umeamka?" Tick moja tu.

Wanaonijua wanajua mimi si mtu wa kuongea. Nyambura ndiye aliongea kwa niaba yetu wawili. Leo niacheni niongee.

Nyambura wa Dundori, rafiki yangu tangu Form One, alizaliwa na kinga ya mwili yenye kasoro. Chembe za kumlinda alikuwa nazo, lakini hazikuweza kuua kuvu na bakteria inavyotakiwa.

"Masoja ninao," aliniambia siku ya kwanza nilipomwona akijidunga pajani. "Shida wanalala kazini. Hii ni ya kuwaamsha." Nikageuza uso. Akacheka. "Kwani ni wewe unadungwa ama ni mimi?"

Dawa yenyewe inaitwa interferon. Ni protini ambayo mwili hujitengenezea, ila hii imetengenezwa maabara. Si ARV, dawa ya virusi vya ukimwi, kama mlivyonong'ona hapa kijijini. Na hata ingekuwa ARV, aibu iko wapi?

Ilitaka baridi, na kwao hakuna friji. Ikakaa kwa friji ya soda ya Mama Kim, dukani. Siku moja mzee fulani akauliza hicho kichupa ni pesa ngapi. Nyambura akamwambia, "Hiyo haina flavour, mzee. Chukua ya orange."

Daktari alimkataza kushika nyasi kavu na mbolea, au kuingia zizini, kwa sababu kuvu ya huko ingeshuka mapafuni. Dundori hii! Msichana asiyelisha ng'ombe! Mlimwita madam. Mlisema hakuna boma litamwoa.

"Basi waniletee mahari ya ng'ombe wanaojilisha," alijibu.

Mwaka huu dawa ilikosekana. Mama yake alipiga simu kila mahali. Kikohozi kikaanza. Dawa ilipopatikana, mapafu yalikuwa yameshalemewa na Nyambura alikuwa kwa oksijeni.

Sasa sikieni. Jana, maua ya kaburi hata hayajanyauka, aunty zake walikaa sebuleni wakamwambia mama yake, "Hiyo sindano ndiyo imemmaliza. Huyu mdogo usimdunge tena."

Huyu mdogo ni Wairimu, dada yake. Yuko Grade Six, na ana ugonjwa huo huo.

Nilikuwa nimebeba trei ya chai. Niliiweka chini. Nikasema, "Hakuuawa na sindano. Aliuawa na kukosa sindano."

"Na wewe umekuwa daktari lini?" aunty mmoja akaniuliza.

"Mimi si daktari, aunty. Lakini daktari alipotueleza hospitalini, mimi nilikuwepo. Wewe hukuja."

Wueh! Mimi, asiyeongea!

Mama Nyambura akanigeukia. Kisha akasema, "Enda kwa Mama Kim ulete dawa ya Wairimu."

Nilikimbia. Niliporudi nayo, Wairimu alikuwa ameshaketi kitini, rinda limepandishwa, anangoja.

Atakayesema tena kwamba ni sindano, aseme hapa kwa comments. Nitamjibu, na jina langu liko juu.

Lala, Nyambura wangu. Lala bila wasiwasi. Mdogo wako alidungwa jana, na kesho atadungwa tena.