Leso ya mvua yamfuta Bitutu orodhani

Saa moja asubuhi, Bitutu Momanyi anafagia maganda ya ndizi na majani ya kabeji katika soko moja huko Manga, Kaunti ya Nyamira. Mgongo umepinda, ufagio haupumziki. Ungemwona, ungedhani ana mshahara.

Hana. Jina lake lilifutwa kwenye orodha ya vibarua miezi mitatu iliyopita.

"Nikiacha, wataandika mwingine. Wacha wanione tu," anasema mama huyu wa watoto wanne.

Kazi hiyo ya Sh400 kwa siku alipewa na Angwenyi, mkono wa kulia wa mwakilishi wadi, kwa sharti ambalo kila mfagiaji hapa analijua. Mheshimiwa akija mazishini, mketi mbele, mmevaa leso yenye picha yake, mmshangilie akishika kipaza sauti.

Kwa miaka mitatu Bitutu hakukosa. Kisha mwezi Mei, akizikwa mzee mmoja wa kanisa, mvua ikashuka bila hodi. Leso yake ikalowa chepechepe. Aliyeketi kando yake akamrushia nyingine, akajifunika kichwa. Kumbe ilikuwa na sura ya mpinzani wa mheshimiwa! Picha ikafika kwenye simu ya Angwenyi kabla jeneza halijashuka kaburini.

"Akaniambia, 'Mama, enda uulize kazi kwa huyo umebeba kichwani.' Nikamwambia ni mvua. Akacheka," anasimulia, machozi yakimlengalenga.

Uchafu wa soko hauna chama. Lakini mwenye nguvu mpishe, na Bitutu amempisha hadi amekosa pa kusimama. Simu zake Angwenyi hapokei. Ofisini anafukuzwa mlangoni. Mahali pekee anapoweza kuonwa na mheshimiwa mwenyewe ni mazishini, na mheshimiwa huja kuzika watu wa koo kubwa tu, zenye kura. Tangu Mei hajazikwa hata mmoja.

Bathsheba, ajuza wa ukoo kama huo, ni jirani yake. Hajainuka kitandani wiki ya pili sasa.

"Nampelekea uji kila siku, namwombea. Nilipoolewa hapa, ni yeye alinifundisha kuchuma chai. Sitaki afe." Anasukuma maganda kando kwa ufagio. "Lakini akienda, mheshimiwa lazima atakuja. Mungu anisamehe."

Nyumbani kwake, leso ya mheshimiwa imekunjwa juu ya meza. Ameshaipiga pasi.