Basi Linalosimama Mtito

Tulipotaka kutoka Kitengela kwenda Mombasa, mimi na mama, ndugu yangu alisema atatulipia ndege. Mimi nilitaka treni, maana nauli yake tunaiweza, na miguu ya mama huvimba akikaa kwa joto. Mama alikataa yote. Alitaka basi, kwa sababu husimama Mtito Andei ili abiria wapate kula, na dada yake mkubwa anaishi hapo na hawezi tena kusafiri.

"Nikiwa kwa ndege nitampungia mkono kutoka mawinguni?"

"Treni pia inasimama Mtito, mama."

"Inasimama kama mtu amepiga chafya."

Ndani ya basi kulikuwa na joto, na miguu ilivimba kweli. Lakini Mtito tulimkuta mama mkubwa ameketi hotelini akingoja.

"Umezeeka, wewe!"

"Na wewe meno umeachia nani?" mama akamjibu.

Wakacheka wameshikana mikono, chai ikapoa. Konda alipoita abiria, dereva akamwambia, "Wacha hao wamama wamalize kwanza."

Bado naona treni ingekuwa ya starehe zaidi, na pengine sikukosea. Lakini dereva yule namshukuru mpaka leo.